Ng'ombe Hazeeki Maini

Leo tunaomba tuzungumze juu ya baba wa nyumba. Si yule kijana aliyekuja kwenu kutoa posa huku akitetemeka, bali huyu wa leo, mwenye mvi, aliyestaafu, ambaye asubuhi akishakunywa chai anakwenda kukaa kwenye kiti chake, na jioni unamkuta palepale.

Tumesukumwa kuandika na mama mmoja wa kikundi chetu cha akina mama kanisani. Siku moja baada ya kikao, wenzake walipokuwa wakikunja mikeka, alituvuta pembeni. "Sista," alisema, "mimi nyumbani sina mume tena, nina fanicha. Nikifagia nazunguka miguu yake." Tulicheka, maana alilisema kwa namna ya kuchekesha. Kisha tukaona macho yake yamejaa machozi.

Mzee wake alikuwa fundi umeme kwa zaidi ya miaka 30. Tangu astaafu, mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na maneno yake yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki "ndiyo", "hapana" na "redio iko wapi?". Mama huyu akatuuliza swali ambalo tunadhani wengi wenu mnajiuliza kimoyomoyo: Je, ndiyo basi? Huu ndio uzee, niuzoee tu?

Tulimpa jibu la kinesi kwanza, nalo tutalieleza hapa chini. Lakini sehemu ya pili ya jibu tuliipata mahali ambapo hatukutegemea kabisa, katika sinema ya vichekesho.

WAZEE WALIONG'OA NANGA

Jumapili moja mpwa wetu alikuja kututembelea, akatuwekea sinema fupi kwenye kompyuta yake. Inachukua dakika 16 hivi. Inaitwa The Crimson Permanent Assurance, na ilitoka mwaka 1983. Aliyeiongoza ni Terry Gilliam, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mmoja wa kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python. Katika kundi hilo yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa katuni, na hata hadithi hii mwanzoni alikusudia iwe katuni ya dakika chache tu. Ikakua, ikawa sinema ya watu, ikawekwa kutangulia sinema ndefu ya kundi hilo, The Meaning of Life. Tunatoa tahadhari hapa: hiyo ndefu si ya kutazama pamoja na watoto, wala pamoja na mkwe. Sisi tulizima baada ya ile fupi.

Inaanza katika jengo kuukuu la jijini London, ofisi ya kampuni ya bima. Ndani wamo makarani wazee, wamekaa kwa safu, vichwa chini, wakipiga hesabu. Mwongozaji anawaonyesha kana kwamba ni watumwa wa merikebu za kale, wale waliofungwa kwenye makasia. Juu yao wamesimama wasimamizi vijana. Kampuni yao imenunuliwa na kampuni ya Marekani ambayo katika sinema imepewa jina la mzaha, The Very Big Corporation of America, yaani Kampuni Kubwa Sana ya Marekani.

Basi siku hiyo mzee mmoja anaachishwa kazi. Hapo uvumilivu unawaishia wenzake. Wanainuka wale wazee wa miwani na vipara, wanawavamia wasimamizi, wanawafungia kwenye sefu, na bosi wanamtembeza juu ya ubao uliotokezea dirishani kama wafanyavyo maharamia wa baharini. Jengo lenyewe lilikuwa kwenye ukarabati, limefunikwa kwa maturubai. Maturubai yale yanageuka matanga, nanga inang'olewa, na jengo zima linaanza kwenda barabarani kama jahazi! Wazee wanaimba wimbo wa mabaharia, lakini maneno yake ni ya uhasibu. Wanafika kwenye mtaa wa maghorofa marefu ya vioo na kuishambulia ile kampuni kubwa. Silaha zao ni vifaa vya ofisi. Makabati ya mafaili yamekuwa mizinga, na mapanga ya pangaboi yamekuwa mapanga kweli.

Mna kupigana na kuuana kwa mzaha humo, nasi hatumfundishi mtu kumfungia bosi wake kwenye sefu. Lakini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwishoni, baada ya ushindi wote ule, jengo linaendelea na safari mpaka ukingoni mwa dunia na kudondoka, kwa sababu katika sinema hii wataalamu wa kisasa wamekosea na dunia ina ukingo.

Baba yetu mzazi, ambaye sasa amepita miaka 80, alikuwa ameketi nasi. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Lakini pale yule karani mzee alipoachishwa kazi, tulimwona amenyamaza. Sinema ilipokwisha akasema polepole, "Wenzetu hao walikuwa na nanga ya kung'oa. Sisi tulirudi nyumbani tu."

KITI CHA BABA

Tukueleze alichokuwa akikikumbuka. Baba alikuwa karani wa hesabu katika shirika moja la umma. Mwaka 1996, katika kipindi ambacho mashirika mengi nchini yalikuwa yakibinafsishwa na wafanyakazi wakipunguzwa, jina lake lilitoka kwenye orodha iliyobandikwa ubaoni. Alikuwa na miaka 52. Sisi tulikuwa tukisoma sekondari wakati huo, na tunakumbuka jinsi alivyorudi siku ile saa nne asubuhi, akiwa na bahasha na kikombe chake cha chai cha ofisini.

Mama yetu alikuwa mwanamke mwema. Alimwonea huruma mumewe, akaamua kumpumzisha. Maji ya kuoga akampelekea mpaka bafuni. Chai akampelekea mpaka kitini. Mtoto akipeleka neno la ada ya shule, mama alimkatiza, "Msimsumbue baba yenu." Mgeni akija na shauri, mama alilimaliza yeye mlangoni. Alifanya yote hayo kwa upendo. Lakini katika muda wa mwaka mmoja na nusu, baba ambaye alizoea kutembea kilomita 4 kwenda kazini na 4 kurudi, alianza kushika ukuta anapoinuka. Mkono wake ukatetemeka akishika kikombe. Majirani wakasema, "Mzee amechoka." Alikuwa na miaka 53!

Kisha mwaka 1998 mama akateleza kisimani akavunjika mguu. Akafungwa plasta, akaambiwa asikanyage kwa wiki kadhaa. Wakubwa tulikuwa shule za bweni, nyumbani wamebaki wadogo wawili. Basi baba akainuka. Si kwa kupenda. Hapakuwa na mwingine. Ugali wake wa kwanza, wadogo zetu wanasema, ulikuwa wa kukata kwa shoka. Lakini alichota maji, alipalilia bustani ya mchicha, alimbeba mama kumpeleka uani. Jioni alifungua daftari akaandika mapato na matumizi ya nyumba kwa wino wa rangi mbili, kama alivyozoea ofisini. Akagundua kuwa muuza mkaa alikuwa akituzidishia bei.

Tuliporudi likizo tulimkuta mtu mwingine. Amekonda kidogo, mgongo umenyooka, anatoa amri, anatania. Mama alikuwa kitandani akimtazama kwa mshangao. Alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Kumbe mguu wangu ndio uliokuwa dawa yake."

Alipopona, mama hakurudia tena kumpelekea maji bafuni. Alifariki mwaka 2015, naye baba mpaka leo anajua kuwasha jiko, kujipikia uji na kutunza kuku wake. Mara nyingi tunajiuliza ingekuwaje kama siku ile ya msiba angekuwa bado ni yule mtu wa kitini.

HAWAKUPEWA DAWA

Sasa turudi kwenye sinema. Umegundua kwamba wale makarani hawakunywa kikombe cha dawa ya ajabu? Nguvu walizozipata zilikuwa ndani yao siku zote. Walichopata ni vitu vitatu: jambo la kufanya, wenzao wa rika lao, na haki ya kuamua wenyewe. Hata silaha zao ni vile vitu ambavyo mikono yao ilivizoea. Wahenga wetu walisema ng'ombe hazeeki maini. Wale wanaopenda Biblia watamkumbuka Kalebu, ambaye akiwa na miaka 85 hakuomba kiti cha kupumzikia, aliomba apewe nchi ya milima.

Na wataalamu wa afya wameyaona mambo haya kwa macho. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua watu 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu ya misuli ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwanzo. Hao ni wenye miaka 90! Sembuse wako mwenye 62?

Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 1976, wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao kutoka nyumba nyingine ya wazee katika jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo mengi yako mikononi mwao, na kila mmoja akapewa mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea pia, lakini wakaambiwa wafanyakazi wataimwagilia. Baada ya wiki tatu, wale waliotunza wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi na wenye kujishughulisha zaidi. Tofauti haikuwa katika chakula wala dawa. Wale wengine walifanyiwa kila kitu, kama mama yetu alivyomfanyia baba.

Tunaposoma habari hizo tunaelewa kilichotokea nyumbani kwetu. Misuli isiyotumwa hupungua, na moyo usioulizwa neno hunyamaza.

KWANZA APIMWE

Lakini, mama mpendwa, usikimbilie kumpa jembe kabla hujafanya jambo moja. Hilo ndilo jibu la kinesi tulilompa mwenzetu siku ile ya mikeka: mpeleke akapimwe. Si kila mzee anayenyamaza ameumizwa na kustaafu. Mwingine ni mgonjwa.

Tulimwuliza maswali machache. Je, anaamka usiku kwenda haja ndogo? "Mara nne, mara tano." Anakunywa maji mengi? "Dumu la lita tatu haliishi siku." Amepungua uzito? "Suruali anafunga kwa kamba." Sisi tuliposikia hayo tulijua pa kuanzia. Alipopimwa, sukari yake ilikuwa imepanda sana. Mzee wa watu hakuwa mvivu, wala hakuwa amemchukia mkewe. Alikuwa na kisukari, na huenda alikaa nacho miezi mingi bila kujua, huku nyumba nzima ikisema ni uzee.

Mambo ya kuangalia ni haya:

Presha. Mara nyingi haina dalili yoyote mpaka imeshaharibu kitu. Ipimwe hata kama anasema yuko mzima.

Sukari. Kiu, kukojoa sana, kukonda na uchovu.

Tezi dume. Mkojo kutoka kwa shida, kukatikakatika, au kuamka mara nyingi usiku. Mtu asiyelala usiku atasinzia mchana, na sisi tutamwita mvivu.

Macho na masikio. Mwenye mtoto wa jicho huacha kusoma, na asiyesikia vizuri huacha kuzungumza, kwa sababu amechoka kuuliza "umesema nini?"

Upungufu wa damu. Huleta uchovu na kukosa pumzi, na daktari atataka kujua damu inapotelea wapi.

Sonona. Huu ni ugonjwa, si udhaifu wa imani. Mzee asiyekula, asiyelala, asiyefurahia hata wajukuu, au anayesema afadhali afe, usimwambie aombe tu. Mwombee, na umpeleke kwa daktari.

Na yapo ambayo hayasubiri kesho: maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kwenda upande, au maneno kutotoka sawasawa. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

NENO LA CHUMBANI

Akina mama hutuuliza jambo hili kwa kunong'ona, basi na tulijibu kwa heshima. Mzee anapopungukiwa nguvu za kiume, wengi hufikiri mawili: ana mwanamke mwingine, au ndiyo uzee. Mara nyingi si hili wala lile. Mishipa midogo ya damu inapoharibiwa na presha, kisukari au sigara, huko ndiko dalili huweza kuanzia, wakati mwingine kabla moyo haujalalamika. Kwa hiyo hiyo si aibu ya kuficha. Ni taarifa ambayo mwili unaitoa, na daktari anastahili kuijua.

Baadhi ya dawa za presha nazo huweza kuleta tatizo hilo. Wapo wazee wanaoacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, na baadaye wanaletwa kwetu wamepooza. Asiache mwenyewe. Aseme, na daktari ataangalia kama inafaa abadilishiwe. Na tunakuomba sana, usimnunulie vile vidonge na unga wa kuongeza nguvu unaouzwa stendi na kwenye mabasi. Hujui kilichomo. Hata vile vidonge halali vya kazi hiyo, vikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya naitreti, huweza kushusha presha ghafla na kuua.

Yeye naye anaona aibu kuliko wewe. Neno moja la dharau usiku mmoja litamfungia mlango miaka mingi.

TUSIWE WASIMAMIZI

Akishapimwa na kupata matibabu, sasa lile somo la sinema lina nafasi yake. Tunashauri hivi:

1. Mpe kazi ya kweli. Mwanamume anajua tofauti kati ya kazi na kubembelezwa. Usimwambie "kaa hapa uangalie kuku" kama kuku hawahitaji kuangaliwa. Tafuta jambo ambalo asipolifanya litaharibika, na likiharibika usilifanye wewe kwa siri usiku.

2. Tumia alichokijua. Mwalimu afundishe wajukuu hesabu, karani atunze daftari la kikundi, dereva amfundishe kijana. Makarani wa London walipigana kwa makabati ya mafaili.

3. Usimsimamie. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tumezoea kuendesha nyumba, na baba akitia mkono tunamkosoa: kitunguu si hivyo, ufagio si hivyo. Tukifanya hivyo tumekuwa wale vijana wa suti waliosimama juu ya vichwa vya wazee. Mwache akate kitunguu vipande vikubwa. Kitaiva tu.

4. Usimzungumzie kana kwamba hayupo. "Huyu siku hizi hali nyama." Mwache mwenyewe aseme hali nyama.

5. Mwache aende kwa wenzake. Bao, kahawa, kwaya ya wazee, vikao vya ukoo. Nyumba peke yake haimtoshi mwanamume aliyezoea kuwa na wenzake kazini. Kama tatizo ni pombe, hilo ni jambo lingine na tutalizungumza mwezi mwingine.

6. Mtembeze. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, hata waliopita miaka 65, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni kama kutembea kwa haraka kiasi dakika 30 kwa siku 5. Pia wafanye mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Zoezi rahisi la nyumbani ni kuinuka kitini bila kushika na kukaa tena, mara 10, apumzike, arudie. Kumbe hata kile kiti chake kina faida!

Ila tukumbuke na mwisho wa ile sinema. Wazee walifurahia ushindi wakasahau kwamba njia ina ukingo, wakadondoka. Mtu aliyekaa miaka miwili asianze kwa kupanda mlima. Aanze dakika 10, aongeze kidogokidogo, na mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza. Akisikia kifua kinabana au kizunguzungu, asimame.

NA MIMI JE?

Tunamsikia mama mmoja akisema, "Sista, unaniongezea kazi. Nimelea watoto, sasa nimlee na baba yao? Mimi nani ananihuisha?"

Ni swali la haki. Wapo akina mama ambao waume zao walipokuwa na nguvu hawakushika hata ndoo, na leo hawana deni la kuwachekesha. Lakini tazama vizuri: hatukuagizi kuongeza kazi. Tunakuagiza kupunguza. Acha kumpelekea maji. Acha kujibu mashauri yote mlangoni. Mwambie ukweli kwamba umechoka, magoti yanauma, na unahitaji msaada. Mama yetu alilazimika kuvunjika mguu ndipo akasema maneno hayo. Wewe yaseme ukiwa na miguu yote miwili.

Na akikataa? Umeshasema, umeshampeleka akapimwa, umeshamwachia nafasi yake. Yanayobaki ni yake na Mungu wake. Wewe nenda kwenye kikao chako cha akina mama, tembea dakika zako 30, pima presha yako pia.

Tumalizie na mwenzetu wa fundi umeme. Mzee alianza dawa za kisukari, akabadili chakula, usiku akaanza kulala. Lakini kitini alibaki. Ndipo tukakumbuka ile sinema. Ukumbi wetu wa kanisa una taa zilizokuwa zikizimika zenyewe wakati wa kwaya, na kijana aliyeitwa kuzitengeneza alikuwa amekuja mara mbili bila mafanikio. Mzee wa kanisa alikwenda nyumbani kumwomba baba huyu aje atazame tu. Alikuja na bisibisi yake ya zamani. Alikuta waya umeungua ndani ya ukuta, karibu kabisa na pazia la jukwaa ambapo watoto wa Sunday school hukaa. Aligomba karibu nusu saa, kwamba ni nani aliyefanya kazi ya hovyo namna ile, na kwamba siku moja tungeteketea wote. Mkewe anasema hakuwa amemsikia akigomba kwa karibu miaka miwili, na sauti ile ilikuwa tamu kuliko kwaya.

Si kwamba amekuwa kijana. Bado anachoka, bado kuna siku hasemi neno. Lakini siku hizi kile kiti amekihamishia uani, chini ya mwembe, na kuna vijana wawili wanaokuja jioni kujifunza kazi ya umeme. Juzi tulimwuliza mama yule habari za fanicha yake. Akacheka, akasema, "Sista, fanicha imeniambia nipishe, nimesimama kwenye mwanga wake."

Hadi mwezi ujao, tunakutakia amani nyumbani kwako.